Paili za kuchoronga kwenye ardhi laini ya Tanga: namna ya kuzuia kasoro, kuzigundua na kuzitolea uamuzi

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipiga chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Watu walishuka ghorofani mbio, na mtikisiko ulisikika hadi pwani ya Kenya. Kabla ya hapo sisi wa pwani tulizoea kusema matetemeko ni ya wenzetu wa bara: Bukoba mwaka 2016, au Rukwa mwaka 1910, ambako lilipiga moja la ukubwa wa zaidi ya 7. Ni kweli Tanga haitikiswi kama maeneo ya Bonde la Ufa. Lakini ardhi yetu ya ufukweni ni tope la mikoko, mchanga uliojaa maji na jiwe la matumbawe lenye mapango, na ardhi laini hukuza mtikisiko uliotoka mbali. Mexico City mwaka 1985 iliharibiwa na tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, kwa sababu sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya udongo laini wa ziwa la kale.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa saiti, fundi mkuu na mhandisi kijana anayepewa kazi ya paili za kuchoronga kwa mara ya kwanza, iwe Sahare, Mwambani, Chongoleani au kule Bagamoyo karibu na mdomo wa Ruvu. Paili ya kuchoronga ni nguzo ya zege inayomwagwa ndani ya shimo refu ardhini. Hakuna anayeiona ikizaliwa, na humo ndimo hatari yake ilipo.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote: kasoro hazilingani uzito, na kinachoamua uzito wake ni mahali zilipo. Jengo likiwa limetulia, paili hubeba mzigo wa kwenda chini tu, na zege likipungua kidogo katikati huenda lisilete shida. Ardhi ikitikisika, paili hupindwa kama mwanzi. Hapo huvunjika penye mpindo mkubwa: chini tu ya kofia yake, yaani zege pana linalofunga vichwa vya paili, na pale tabaka laini linapokutana na tabaka gumu. Huko Niigata, Japani, tetemeko la mwaka 1964 lilifanya mchanga uliojaa maji ugeuke kama uji. Miaka kama 20 baadaye, jengo moja lilipofukuliwa msingi, paili zake zilikutwa zimekatika mahali pawili, karibu na kichwa na karibu na mwisho wa mchanga ule. Zilikuwa za kupigwa kwa nyundo, si za kuchoronga, lakini mpindo haubagui.

Hatua ya 1: Chora paili yako na uitie rangi

Chukua ripoti ya udongo, chora paili moja kwenye karatasi, na andika matabaka pembeni yake kwa kina. Kisha chukua kalamu nyekundu. Kanuni za Ulaya za ujenzi katika maeneo ya matetemeko zinataka uangalifu wa pekee kwenye urefu wa vipenyo viwili chini ya kofia, na vipenyo viwili juu na chini ya kila mpaka wa matabaka yanayotofautiana sana ugumu. Kwa paili ya mm 800 hiyo ni mita 1.6.

Mfano wa saiti moja ya Tanga niliyoifanyia kazi: kifusi hadi mita 1.5, tope la mikoko hadi mita 5, mchanga ulioshikana hadi mita 16, kisha jiwe la matumbawe. Paili ilikuwa ya mita 18. Nyekundu ikaangukia mita 1.6 za juu, kati ya mita 3.4 na 6.6, na kati ya 14.4 na 17.6. Bandika karatasi hiyo ofisini saiti na nyingine mpe fundi wa mashine. Kila uamuzi utakaoufanya baadaye utarudi kwenye rangi hiyo.

Ukikuta kwenye ripoti mchanga mwembamba uliolegea, uliojaa maji, ndani ya mita 15 au 20 za juu, mwulize msanifu kwa maandishi kama alihesabu uwezekano wa mchanga huo kugeuka uji. Ukiwa upande wa Amboni, au popote penye jiwe la chokaa, dai tundu dogo la uchunguzi lishuke mita kadhaa chini ya kitako cha paili. Mapango ya Amboni tunayopelekea wageni si mapango pekee yaliyomo kwenye jiwe lile.

Hatua ya 2: Shimo, bentonaiti na maji ya bahari

Shimo lililochorongwa kwenye tope au mchanga halisimami lenyewe. Hushikiliwa na bomba la chuma (bomba la kinga), au uji wa bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na maji, au vyote viwili. Kwenye tope la mikoko mimi sikubali bentonaiti peke yake: bomba la chuma lishuke hadi lipite tope na kuingia kwenye tabaka lililoshikana. Tope laini husogea polepole kuingia ndani ya shimo, na paili hutoka imebana kiuno.

Uji ndani ya shimo lazima uwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 hadi 2 wakati wote. Sasa kumbuka uko pwani. Karibu na ufuko maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye bahari ya Tanga hupita mita 3. Shimo lililokuwa salama asubuhi maji yakiwa yamekupwa linaweza kuporomoka saa nane mchana yakijaa. Weka jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani, na usipange kumwaga zege bila kulitazama. Wavuvi wa Sahare wanaweza kukusomea kwa kutazama mwezi tu.

Chumvi nayo huiua bentonaiti. Ichanganye kwa maji baridi yasiyo na chumvi, iache ivimbe usiku kucha, na usiruhusu bauza, gari la maji, lichote maji ya mkondo wa bahari eti kisima kiko mbali. Ikiguswa na chumvi huganda mabongemabonge, hushindwa kujenga utando kwenye ukuta wa shimo, na mchanga hudondoka.

Kabla ya zege, chota sampuli karibu na kitako na pima. Uzito usizidi kilo 1.15 kwa lita, mchanga uliomo usizidi asilimia 4, na muda wa kupita kwenye faneli ya Marsh, inayopima wepesi wa uji kutiririka, uwe kati ya sekunde 32 na 50. Uji mzito hausukumwi vizuri na zege. Hubaki umeng'ang'ania nondo.

Hatua ya 3: Kitako kisafi

Hapa sina maneno mengi. Funga uzito kwenye tepu, pima kina mara tatu: baada ya kuchoronga, baada ya kushusha nondo, na dakika chache kabla ya zege. Ulipata mita 18.00, sasa unasoma 17.85? Kuna sentimita 15 za mchanga uliotulia chini. Safisha tena kwa hewa ya kompresa au kwa ndoo ya kusafishia, na ubadilishe uji uliochafuka. Uzito wa tepu ukigusa jiwe utausikia mkononi unagonga. Ukigusa tope utausikia unazama. Mfundishe kijana mmoja kazi hiyo aifanye yeye kila siku, mkono wake uzoee.

Hatua ya 4: Keji ya nondo, ambako dawa ya tetemeko huzaa ugonjwa

Hapa ndipo nimeona wahandisi wazuri wakijikwaa. Msanifu anayejali matetemeko huongeza nondo na kubananisha ringi zinazozizunguka kwenye zile sehemu nyekundu, ili zege likipasuka libaki limefungwa lisimwagike. Yuko sahihi. Lakini zege la paili hushuka kwa bomba katikati ya keji, yaani kizimba cha nondo, likafika chini, likapanda, kisha lazima lipenye kati ya nondo liende kujaza nafasi ya nje. Ukiweka nondo nyingi na ringi za karibukaribu, zege linakwama ndani na nje hubaki uji wa bentonaiti uliochanganyika na mchanga. Nondo zako nzuri zimekaa uchi ndani ya ardhi yenye maji ya chumvi, tena mahali palepale ulipotaka pawe imara kuliko kote.

Kwa hiyo, kabla keji haijafungwa, chukua rula. Nafasi iliyo wazi kati ya nondo na nondo isipungue mm 100. Kwenye maungio, kama kokoto hazizidi mm 20, inaweza kushuka hadi mm 80. Kama mchoro hauruhusu, usinyamaze. Mwombe msanifu abadilishe nondo nyingi nyembamba kuwa chache nene, au azifunge mbilimbili, au akubali kokoto ndogo. Nimewahi kumpelekea msanifu picha ya mkono wangu ukishindwa kupita kwenye keji. Alibadilisha mchoro siku ileile.

Mambo mengine ya keji: ringi ziwe na ndoano zilizokunjwa kuingia ndani, si zilizoachwa digrii 90, kwa sababu hizo hufunguka zege la nje likibanduka. Maungio ya nondo yasiangukie kwenye nyekundu. Keji isiishie njiani. Kwenye majengo ya kawaida wengine huishusha theluthi ya juu tu ili kuokoa chuma, lakini kwenye ardhi inayotikisika lazima ivuke tabaka laini lote na mpaka wake. Kava, yaani zege linalofunika nondo kwa nje, iwe mm 75, na spesa za duara za kuitunza nafasi hiyo zifungwe pande zote kila mita 2 au 3, zisije zikang'oka keji inaposhushwa na kreni.

Mabomba ya kupimia kwa sauti nayo hufungwa sasa, ndani ya keji: matatu kwa paili ya mm 800, ya chuma, yamezibwa chini, yanajazwa maji. Ukiyasahau leo, kipimo hicho umekikosa milele.

Hatua ya 5: Zege, na karatasi yenye thamani kuliko mashine

Zege la paili si zege la slabu. Linatakiwa litiririke na kujishindilia lenyewe: slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) ya mm 180 hadi 220, saruji isiyopungua kilo 375 kwa mita ya ujazo, na hali hiyo idumu mpaka paili ijae. Jua la Februari Tanga hulikausha zege njiani, kwa hiyo tumia dawa ya kuchelewesha kuganda. Kibarua anayeongeza ndoo ya maji ili lilainike anakuletea zege linalochuruza maji na kuacha vijia vya mchanga mtupu ndani ya paili. Mwondoe kwenye mixa kwa upole, lakini mwondoe.

Fanya hesabu ya muda kabla ya kuchoronga. Paili ya mm 800 na mita 18 inakula mita za ujazo 9.05. Kama mixa zako za saiti zinatoa mita 2 kwa saa, utamwaga kwa saa nne na nusu, na zege la kwanza litakuwa limeshaganda. Ongeza mixa au agiza magari.

Bomba la kumwagia, tremi, liwe na maungio yenye mpira usiovuja. Anza mdomo wake ukiwa juu ya kitako kwa takriban kipenyo kimoja cha bomba, na tanguliza mpira wa sponji ndani ili zege la kwanza lisichanganyike na uji. Kisha mdomo usitoke ndani ya zege tena: uwe umezama angalau mita 2 kila wakati. Usiuache uzame mita 7 au 8 nao, maana zege hukwama na keji huanza kuelea. Weka alama ya rangi juu ya keji, mtu mmoja aitazame. Ikipanda, punguza kasi.

Sasa karatasi. Kila gari au kila kundi la mixa likiisha, pima uso wa zege kwa tepu na uandike: ujazo ulioingia, kina kilichosomwa, bomba limezama kiasi gani. Kwa kipenyo cha mm 800, kila mita moja ya paili inahitaji mita za ujazo 0.503. Zege likipanda polepole kuliko hesabu, shimo ni pana au kuna pango; utalipia saruji zaidi. Likipanda haraka kuliko hesabu, shimo ni jembamba, na hiyo ndiyo habari mbaya.

Nisimulie jioni ya paili namba 14 kwenye saiti ile niliyoitaja. Gari la kwanza, mita 6. Kwa hesabu zege lilitakiwa lipande mita 11.9, likapanda 11.1, uso ukawa kina cha mita 6.9. Sawa. Gari la pili likachelewa, na mwendesha kreni, bila kuambiwa na mtu, akatumia muda ule kuanza kuvuta bomba la kinga ili amalize mapema. Gari likaja, tukamwaga mita 1.5. Hiyo ni mita 3.0 za kupanda. Kijana wa tepu akavuta, akasoma, akatulia, akavuta tena.

"Injinia, inasema mita tatu kasoro sentimita mbili."

Nikamwambia apime upande wa pili. Mita 3.0. Zege lilikuwa limepanda mita 3.9 badala ya 3.0. Gawanya 1.5 kwa 3.9 upate eneo la mita za mraba 0.385, yaani kipenyo cha mm 700 kwa wastani. Mahali fulani lazima pawe pembamba zaidi ya hapo. Nikatazama mchoro ukutani: kina cha mita 3.0 hadi 6.9. Nyekundu yote ya mpaka wa tope na mchanga ilikuwa humo ndani.

Tulikamilisha kumwaga, tukaizungushia paili rangi, tukaandika. Wiki mbili baadaye, maji yakiwa yamekupwa, tulichimba kando yake kwa kushusha ringi za zege kama za kisima huku pampu ikivuta. Kwenye mita 3.8 fundi akaingiza vidole vinne kati ya nondo na udongo. Upande mmoja wote ulikuwa tope jeusi lenye mizizi ya mkoko, na ringi zikionekana kama mbavu. Bomba la kinga lilipopandishwa juu ya uso wa zege, tope liliingia. Kanuni ni hii, na iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kibanda cha kreni: mdomo wa bomba la kinga usipite uso wa zege, kamwe.

Jambo jingine kwa siku hiyo: usichoronge shimo jingine karibu, ndani ya vipenyo vitatu, kabla zege halijashika angalau siku nzima. Na shimo lolote lililo wazi lifunikwe kwa bamba la chuma usiku. Watoto wa mtaani hupita saiti.

Hatua ya 6: Kichwa

Zege la juu kabisa ndilo lililotangulia kugusana na uji, limejaa uchafu. Mwaga lipite kimo cha mwisho kwa nusu mita hadi mita moja, kisha libomolewe mpaka kwenye zege safi lenye kokoto zinazong'aa. Hii ni nyekundu ya kwanza kwenye mchoro wako, penye mpindo mkubwa kuliko kote. Tumia nyundo ndogo ya hewa au tindo kwa sentimita 30 za mwisho. Ekskaveta inayogonga vichwa vya paili kwa ubavu ili kwenda haraka hupasua zege mita moja au mbili chini, na ufa huo huuoni kwa macho. Nondo zikiwa zimepinda, zinyooshwe taratibu kwa bomba, si kwa moto.

Hatua ya 7: Vipimo, na kila kimoja kisichoona

Kipimo cha kugonga kichwa kwa nyundo ndogo hufanywa baada ya siku 7 hivi. Sauti husafiri kwenye zege zuri karibu mita 4,000 kwa sekunde, hivyo kwenye paili ya mita 18 mwangwi wa kitako hurudi baada ya milisekunde 9. Mwangwi ukirudi kwenye milisekunde 2, kuna jambo mita 4 chini. Ni kipimo cha bei nafuu na kinaweza kufanywa kwa paili zote. Lakini hakioni kitako kichafu, hakioni kava iliyokosekana, na kasoro kubwa ya juu huficha zile za chini yake.

Kipimo cha sauti kupitia mabomba huonyesha kina hasa cha kasoro na upande ilipo, ila huona ndani ya keji tu. Kwa kasoro za nje ya keji, zile nilizozisema kwenye hatua ya 4, kinachosaidia ni kipimo cha joto la zege linapoganda, ndani ya siku moja au mbili za kwanza. Kukata kiini kwa mashine hukuonyesha zege lenyewe, lakini kipande kimoja tu chembamba. Kama bajeti ni ndogo, gonga zote, pima kwa sauti zile zenye karatasi ya zege yenye mashaka, na usimruhusu mtu yeyote achague paili za kupima bila kuisoma karatasi hiyo kwanza.

Hatua ya 8: Uamuzi

Weka kasoro kwenye mchoro wa rangi. Ikiwa nje ya nyekundu na ni ndogo, msanifu ahesabu upya mzigo wa chini na huenda ikakubalika. Kitako kichafu kinaweza kuoshwa kwa maji ya shinikizo na kujazwa uji wa saruji kupitia mabomba yale ya kupimia. Kasoro ya kichwa ichimbwe, ibomolewe na imwagwe upya ukiiona kwa macho.

Ikiwa ndani ya nyekundu kwa chini, usikubali kudungwa saruji tu. Uji wa saruji huziba uwazi, lakini hauhakikishi kwamba zege limeshikana tena na nondo wala kwamba ringi zinafunga kitu, na tetemeko hudai vyote viwili. Dai hesabu za nguvu za mlalo, zilizotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au paili za kubadilishia.

Mkandarasi wa namba 14 alitaka kudunga saruji, na mwenye jengo alikuwa karibu kukubali kwa sababu ya gharama. Nilimshusha kwenye ile ringi ya kisima, nikampa tochi. Paili mbili mpya zilichorongwa moja kila upande, kofia ikarefushwa kuzifunga pamoja, na ile ya zamani haikuhesabiwa kubeba chochote.

Mwisho wa kazi, funga karatasi zote za zege, grafu za vipimo, mchoro wenye rangi na nafasi halisi ya kila paili kwenye faili moja. Nakala moja mpe mwenye jengo mkononi, na umwonyeshe ukurasa wa kila paili iliyokuwa na tatizo.